Fungua furushi, hesabu, kisha panga siku ya kutoka

Nimefanya kazi ya uuguzi kwenye zahanati za mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma, mpaka nilipostaafu. Huku kwetu mtu aliyejeruhiwa na kukimbia ni mgeni tunayemfahamu. Walikuja 1972 kutoka Burundi, wakaja 1993, wakaja 1996 wakati kambi ya Nyarugusu inafunguliwa kwa ajili ya waliotoka Kongo, wakaja tena wa Burundi 2015. Wengine walivuka ziwa usiku kwa mitumbwi, wengine walishuka milima ya Manyovu kwa miguu. Na wapo wa kwetu wenyewe: mwanamke aliyekatwa na mumewe akalala kwenye shamba la muhogo kwa kuogopa kurudi nyumbani, kijana aliyepigwa na kundi la watu akajichimbia porini.

Waliotufikia wakiwa wamechelewa walifanana kwa jambo moja. Walikuwa wamehesabu chakula. Mtu anajiambia unga upo wa siku nne, basi nakaa siku nne. Jeraha hakuliweka kwenye hesabu, na jeraha lina siku zake, halisubiri unga uishe. Kwa hiyo nataka nieleze namna ya kuhesabu ulichonacho ukiwa umeumia na umejificha, ili ujue siku ya kutoka. Nitasema kama nazungumza nawe uliyelala huko kichakani. Wewe uliye mzima soma sasa, maana siku ya kukimbia hakuna anayesoma.

Damu kwanza

Usifungue furushi kama damu inatoka. Chukua kitambaa chochote kilicho karibu, hata shati ulilovaa, likunje, weka juu ya jeraha lenyewe na ubonyeze kwa nguvu zako zote kwa dakika 10 bila kufunua. Kufunuafunua kuchungulia ndiko kunakoiamsha damu. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu ya kile cha kwanza na uendelee kubonyeza. Lala chini. Kama ni mguu, uinue juu ya jiwe au mzizi.

Damu ikiwa inaruka kwa mapigo, au inalowesha kila unachoweka, na jeraha liko mkononi au mguuni, funga mkanda wa kitambaa ulio mpana, usiwe kamba nyembamba wala waya, kiasi cha vidole vinne juu ya jeraha kuelekea mwilini, usikae kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikome, kifunge kisirudi. Kumbuka saa uliyofunga, au iandike kwenye ngozi kwa mkaa. Usiulegeze mwenyewe. Na hapo hesabu yako imekwisha kabla hujaanza: mtu aliyefunga mkanda wa namna hiyo hajifichi tena. Anapiga kelele, anatambaa mpaka njiani, anaita watu, kwa sababu kiungo kilichokatiwa damu kinahesabiwa kwa saa.

Vivyo hivyo jeraha la kifua au la tumbo. Kifua: kaa nusu umeegemea, usilizibe kabisa tundu linalopumua. Tumbo: usile, usinywe, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu, usirudishe chochote kilichotoka nje. Na kama kuna kitu kimechoma na kimebaki ndani, iwe mshale, kipande cha chuma au mti, kiache humo, kizungushie vitambaa kisicheze. Hayo yote hayana kukaa porini.

Tandika kanga, toa vyote

Damu ikishatulia, tafuta mahali pa kivuli palipo bapa, utandike kitu, na utoe kila ulichonacho. Mifuko ya suruali, pindo la kitenge, ndani ya soksi, chini ya kofia. Usihesabu kwa kichwa. Mtu aliyepoteza damu akili yake haikai sawa, anaweza kuapa ana kiberiti kumbe alikiacha kwenye mtumbwi.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotea. Namkumbuka kijana mmoja aliyeletwa kwa mtumbwi, paja limekatwa kwa panga, limevimba na linanuka. Jeraha alilifunga kwa soksi, na chini ya soksi alipaka mawese yaliyochanganywa na tumbaku. Nilimfungulia furushi mwenyewe. Mlikuwa na unga wa muhogo kwenye mfuko wa sukari, dagaa wamefungwa kwenye gazeti, kichupa cha mawese, nusu ya sabuni ya mche, na kanga mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja, jina la kanga bado linasomeka vizuri. Nilimuuliza, mwanangu, kwa nini hukufunga kwa kanga hii? Akaniambia ni ya mama yake, alimpa wakati wanaagana. Kitambaa kilikuwepo, sabuni ilikuwepo. Alipofungua furushi aliona chakula na kumbukumbu ya mama, hakuona dawa.

Kwa hiyo usipange vitu kwa majina yake. Vipange kwa kazi: vya jeraha, vya maji, vya moto, vya kula, vya kuita watu. Kitu kimoja kinaweza kukaa kwenye mafungu mawili, ndipo unapoamua kipi kinahitajika zaidi. Kanga ya mama ni kitambaa cha jeraha. Upande mmoja ukiuchana vipande vyenye upana wa kiganja unapata vipande kama kumi, vya kutosha kubadilisha jeraha na vingine kuchemshwa. Mama yako angeichana yeye mwenyewe kama angekuwepo.

Fungu la jeraha: vitambaa, sabuni, chumvi, wembe mpya kama upo, chupa ya plastiki, sindano au mwiba. Chupa ya nini? Toboa kifuniko chake tundu dogo kwa mwiba, jaza maji yaliyochemshwa yakapoa, ikamue. Maji yanatoka kwa nguvu na yanasafisha ndani ya jeraha kuliko kumwagia kwa kikombe. Tumia lita nzima, ukipata zaidi tumia zaidi. Sabuni pitisha kwenye ngozi inayozunguka jeraha, usiitie ndani. Mchanga na majani unayoyaona yatoe. Kisha funika kwa kitambaa safi, usikaze mpaka vidole vikafa ganzi, na ubadilishe kila siku au kikilowa.

Usilishone wala usilibane likajifunga. Jeraha chafu lililokaa saa nyingi likifungwa juu, uchafu unabaki ndani unapika usaha. Acha wazi chini ya kitambaa, sisi tutaamua.

Vya kutotia ndani ya jeraha navijua kwa sababu nimeviosha kutoka kwenye miili ya watu: majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, unga wa betri, tumbaku, mafuta ya taa, mawese. Na ile ya kupasua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda, iache. Unga ule unaganda, unafunika uchafu, na dawa haifiki inapotakiwa. Asali nayo watu wananiuliza sana, hasa jamaa zetu wa Tabora wenye madumu ya asali ya msituni. Asali inayotumika hospitalini imeandaliwa maalumu, imesafishwa. Ya kwenye dumu ina vumbi na vipande vya nyuki. Itie kwenye uji, itakupa nguvu.

Vidonge vyako vihesabu kimoja kimoja. Panadol za miligramu 500, mtu mzima anameza mbili, anasubiri angalau saa 4 kabla ya kurudia, na asivuke vidonge 8 kwa siku nzima ya usiku na mchana. Aspirini na diklofenaki, nazo ni dawa za maumivu, weka pembeni kama ulivuja damu. Ukiwa na vidonge vitatu vya antibayotiki vilivyobaki kwa ugonjwa mwingine, usivihesabu kama tiba, havitoshi, na vitakupa moyo wa kukaa siku ambazo huna.

Maji yanaisha kabla ya unga

Mtu mzima anahitaji kama lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Ongeza lita moja ya kuosha jeraha. Hiyo ni lita 4. Basi ile chupa ya lita moja na nusu uliyoikumbatia haikufikishi nusu ya siku, na kidumu cha lita 5 ni siku moja na kidogo. Kwa hiyo swali la pili baada ya damu ni hili: mguu huu unaweza kufika kwenye maji na kurudi? Kama hauwezi, usikae hapo ulipo hata usiku mmoja zaidi wakati bado una nguvu ya kusogea.

Mei 2015 kijiji cha Kagunga, pale chini ya milima karibu kabisa na mpaka wa Burundi, kilijaa maelfu ya watu. Hakuna barabara nzuri ya kutoka pale, ni ziwa au kupanda mlima. Meli ya MV Liemba ilikuwa inasimama mbali na ufuko, watu wanapelekwa kwa boti ndogo, kisha inawaleta Kigoma mjini. Walikuwa wamekwisha kuponea vurugu za kwao. Kipindupindu kikawakuta wanasubiri meli, kwa sababu ziwa lilelile walilooga ndilo walilokunywa. Nasema hivi ili usidanganyike na uzuri wa maji ya Tanganyika. Yanang'aa, unaona mawe chini, na bado yanaua yakichotwa palipo na watu.

Chemsha mpaka yatokote kweli. Kama huna moto, jaza chupa angavu ya plastiki isiyozidi lita 2 kwa maji yasiyo na tope, ilaze juani kwa muda wa saa 6; siku za mawingu iache siku mbili mfululizo. Kama maji yana tope, yachuje kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara kadhaa na uyaache yatulie.

Ukiharisha, au umetoka damu nyingi na mdomo umekauka, tengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kudhani ndiyo dawa. Kunywa kidogo kidogo. Kama uko na mtoto, yeye ndiye wa kwanza kuishiwa maji mwilini, hata kama aliyejeruhiwa ni wewe. Machozi yasipotoka akilia, huna muda.

Usijifiche kwenye midomo ya mito inapoingia ziwani kwa sababu tu maji yako karibu. Pana mamba na mbu wengi. Lala juu kidogo, kwenye mwinuko wa miti, ujifunike. Milimani Juni na Julai usiku kuna baridi, na aliyepoteza damu baridi inamwingia haraka.

Moto na chakula

Kiberiti kifunge kwenye nailoni ya pakiti ya chumvi au sukari, kikae kifuani. Washa moto mara moja kwa siku na ufanye yote kwa mpangilio: kwanza maji ya kunywa, kisha vitambaa vya jeraha kwa dakika 10 hivi, mwisho uji. Vitambaa vianike juani, visiguse nyasi. Kiangazi miombo inashika moto kwa cheche moja, na wewe huwezi kukimbia. Fagia majani mpaka udongo uonekane.

Chakula sitakisema sana, maana hakuna niliyempokea aliyekufa kwa njaa akiwa na kidonda. Mtu mzima anakula kama nusu kilo ya unga kwa siku, kadiria hapo. Kunywa uji kuliko ugali. Dagaa wenye chumvi wanataka maji mengi, kama maji ni haba waache. Ukiingia kwenye shamba la muhogo, kumbuka muhogo mchungu una sumu, ule ambao kwetu tunauloweka na kuukausha kabla ya kusaga. Usiutafune mbichi kwa kubahatisha. Uyoga usioujua usiuguse hata kama unafanana na wa kwenu.

Tazama jeraha, andika mpaka wake

Vitabu vinasema tazama wekundu unaosambaa. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu unajificha, kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja pembeni ya jeraha, kisha weka mahali palepale upande wa pili wa mwili ulio mzima. Linganisha joto. Tomasa: panapovimba pakawa pagumu, ngozi inang'aa na imevutika, hapo ndipo ulipofika uvimbe. Chukua kalamu au mkaa, chora mstari kuzunguka mpaka huo. Baada ya saa chache tazama tena. Uvimbe ukivuka mstari, jeraha linakushinda, na unga wote ulio nao haubadilishi hilo.

Dalili nyingine za kutoka siku hiyohiyo: homa na kutetemeka (inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa kidonda, zote mbili zinataka zahanati), harufu mbaya, mistari inayopanda kutoka kwenye jeraha, vidole kuwa baridi au kufa ganzi, ngozi inayolia kama kuna hewa chini ukibonyeza. Taya kukaza ukashindwa kufungua mdomo ni pepopunda. Hiyo huanza mara nyingi kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, wakati mwingine jeraha limeshaanza kukauka na mtu anajiona amepona. Ndiyo maana sindano ya pepopunda haisubiri uone dalili. Kila jeraha la panga, risasi, msumari au jino la mtu au mnyama linaitaka mapema.

Sasa fanya hesabu yenyewe

Andika au sema kwa sauti: vitambaa safi vina siku ngapi, maji yana siku ngapi, unga siku ngapi, jeraha siku ngapi. Chukua siku ndogo kuliko zote, hiyo ndiyo yako. Tuseme una kilo mbili za unga, vipande kumi vya kanga, kijito kiko karibu, na mguu umekatwa kina kirefu hujapata sindano. Unga unasema siku nne. Kanga inasema hata wiki, ukichemsha. Jeraha linasema leo, na likikuvumilia sana, kesho asubuhi. Toka kesho asubuhi, ukiwa bado unatembea, mchana, kwenye njia ya watu. Ukisubiri mpaka ushindwe kutembea, atakayekukuta hutamchagua wewe.

Simu izime, iwashe kwa dakika chache ukiwa mahali pa juu. Namba ya dharura Tanzania ni 112.

Wengi hawatoki kwa sababu ya hofu ya karatasi, na hofu hiyo nimeiona ikiua. Aliyetoka nje ya nchi akikimbilia usalama, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inampa siku 7 tangu kuingia kujitambulisha kwa afisa aliyeidhinishwa, kwa mtendaji wa kijiji au kwa mlinzi wa amani. Mtendaji wa kijiji yupo kila kijiji, na huku kwetu Kiha na Kirundi vinasikilizana, utaeleweka. Aliyepigwa au kukatwa hapa ndani ataulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Kwenye zahanati nilizofanya kazi tulianza na damu, fomu ikafuata. Ukifika, sema neno "natoka damu" kabla ya kueleza nani kakukata. Mama aliyekimbia mumewe, mwambie muuguzi pembeni kwamba hutaki aambiwe uko wapi, na useme mapema kabla ndugu hawajaanza kujaa mlangoni.

Kwetu sisi wa vijijini tunaokutana na mtu wa namna hiyo shambani: msalimie kwa mbali, kaa chini uwe sawa naye, mpe maji kabla ya maswali. Usimvue kitambaa kilichoganda kwenye jeraha. Mbebe kwa machela ya kitenge na miti miwili, bodaboda ni kwa anayeweza kukaa tu.

Na ukifika mbele yetu, tuambie haya kwa ufupi, hata kwa kunong'ona: umeumia lini na kwa kitu gani, umetia nini kwenye jeraha, umemeza vidonge gani na saa ngapi, mkanda ulifungwa saa ngapi kama ulifunga, mara ya mwisho ulikojoa lini, sindano ya pepopunda uliwahi kupata au la, na kama una mimba.